Fuwele kwenye Slaidi ya Lindsay

Kila asubuhi Glenys Trewhella alinoa kisu chake, akakunja mkono wa sweta, akajinyoa malaika ya mkono wa kushoto. Kisu kikiyaondoa bila kukwaruza ngozi, kilikuwa tayari kwa kazi. Kikikwaruza, alirudi kwenye jiwe. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, na wa kulia ulikuwa mkono wa mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyezaliwa kwenye shamba la ng'ombe. Visu vya kutumia na kutupa vilishafika hospitalini kwetu. Boksi zima lilikaa kabatini bila kufunguliwa.

"Hivyo ni vya watu wasiojua kunoa," aliniambia siku yangu ya kwanza kazini. Mimi nilikuwa mtu asiyejua kunoa. Nilikuwa na shahada kutoka Melbourne na kitabu mfukoni, na tangu siku hiyo akaniita Profesa.

Maabara yetu ilikuwa chini kabisa, nyuma ya chumba cha kufulia, na tulikuwa wawili tu. Kilichokatwa chumba cha upasuaji kilitufikia ndani ya kopo la formalini, dawa inayozuia nyama isioze. Tulikikausha maji yake, tukakizamisha katika nta, kikawa kitofali kidogo cha kutosha kiganjani. Kisha Glenys alikikata kwa mashine, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, vikatoka vimeshikana kama utepe. Utepe aliulaza juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni ili ujinyooshe, akauopoa kwa kioo chembamba ambacho sisi huita slaidi, tukautia rangi. Kusoma slaidi haikuwa kazi yetu. Hiyo ilikuwa kazi ya Daktari Vickery, aliyekuja kwa gari kutoka Melbourne kila Jumatatu na Alhamisi, akala sandwichi yake juu ya hadubini, akaondoka saa tisa ili asikutane na malori ya maziwa barabarani.

Glenys alizisoma hata hivyo. Alizisoma kabla yake, na mara nyingi alijua.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaanza kwa kuosha chupa hapo hapo hospitalini. Hakuolewa. Alipoulizwa sababu alisema wanaume wa huku kwetu Gippsland hawapendi kulala na mtu anayenukia kama chura wa darasani. Lakini alilea. Mdogo wake, Yvonne, alikufa akiacha mtoto wa miaka tisa, Raelene, na Glenys akamchukua, akamfungia nywele, akamfundisha kuendesha trekta. Raelene alimwita mama mkubwa, na mji mzima ulijua kwamba mama mwingine hakuwa naye. Raelene alipoolewa na Lindsay Pocock, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa pili wa mto, Glenys aliona nyumba imekuwa kubwa mno. Akaenda Melbourne, akafanya kazi miaka mitano kwa profesa mmoja wa chuo kikuu aliyechunguza panya wa msituni.

Huko ndiko alikoziona fuwele.

Panya wa msituni ni yule wa kwetu, wa kahawia, mwenye uso wa mviringo, anayeishi chini ya makangaga kwenye makorongo. Glenys aliwatega mwenyewe kwa vidonge vya karanga ya kusaga, shayiri na asali. Madume wengi huzaliana msimu mmoja tu, kisha hufa. Katikati ya mirija ya korodani zao kuna seli zinazotengeneza homoni ya kiume, na ndani ya seli hizo, ukizitia rangi inayofaa, unaona vijiti vyekundu vyenye pembe kali, kama chembe za chumvi zilizokatwa kwa rula. Hizo ndizo fuwele. Panya mweupe wa maabara hana. Ng'ombe hana, wala mbwa. Binadamu anazo.

"Nilimuuliza profesa zina kazi gani," aliniambia. "Akasema hajui. Nikamuuliza nani anajua. Akasema, Glenys, kakate panya."

Aliporudi kwetu alikuja na bati la biskuti lililojaa vitofali vya nta vya panya wale. Alivitumia kupimia rangi. Rangi ikiwa mbovu, fuwele hazionekani. Ikiwa nzuri, zinawaka. Kwa daktari anayesoma uvimbe wa korodani, fuwele ilikuwa na maana moja kubwa. Ukiiona ndani ya seli ya uvimbe, umejua uvimbe umetoka kwenye seli zile za homoni, na uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ukishakatwa umekwisha. Usipoiona, hujajua kitu, kwa sababu formalini huziyeyusha nyingi na vimbe nyingine hazina kabisa.

Mwezi wa tatu mwaka 1989, Lindsay Pocock alikatwa korodani ya kulia. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa karibu mwaka mzima kifua chake kilikuwa kikivimba kama cha msichana, na klabuni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wenzake wa mpira hawakumwonea huruma. Alikuwa na ng'ombe mia moja na ishirini. Wao walimhesabu wa mia na ishirini na moja. "Pocock, wewe nani anakukamua?" walimuuliza, naye alijibu kwamba foleni ni ndefu, wasubiri. Uvimbe wenyewe aliugundua Raelene.

Upasuaji ulifanyika Ijumaa, kabla ya wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo kwetu huwa mwezi wa tatu. Korodani nzima ilitumbukizwa kwenye kopo, bila kupasuliwa, ikakaa hivyo siku nne. Formalini huingia polepole. Daktari Vickery alikuja Jumanne badala ya Jumatatu, na alipoipasua, uvimbe ulikuwa katikati, mdogo kama punje ya mahindi, na nyama yake imeanza kuharibika. Wote uliingia katika kitofali kimoja.

Alhamisi aliinama kwenye hadubini muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nani aliiacha nzima?"

"Sikukuu ndiyo iliyoiacha," Glenys alisema. "Wewe ulikuwa ufukweni. Mimi nilikuwa nakata nyasi."

"Seli zimefumuka zote. Kama nikilazimishwa kusema, nitasema ni saratani ya seli za mbegu. Mionzi ya tumbo, Melbourne, wiki nne hivi. Hupona vizuri hawa, wakipewa."

"Na kama ni seli za homoni?"

"Glenys, tusianze habari za panya wako."

"Kifua chake kimejaa, Daktari. Muulize mtu yeyote hapa mjini."

"Siandiki ripoti kwa maneno ya klabuni. Na kifua kinaweza kujaa kwa hii pia, mara chache." Alivua miwani. "Ni mkwe wako, sivyo?"

"Mume wa mtoto wangu."

"Basi usingepaswa hata kuigusa kazi hii."

"Nani aiguse? Profesa? Atakukatia kidole chake." Hakucheka. "Nipe mpaka Jumatatu."

Daktari alitazama saa. "Nionyeshe fuwele moja ndani ya uvimbe na nitaandika unachotaka. Usiponionyesha, Jumatatu napiga simu Melbourne."

Siku ya pili yake Raelene alikuja mlango wa nyuma, akiwa bado na mabuti ya shambani, na chupa ya maziwa na mikate midogo ya skoni ndani ya kitambaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu kwa kawaida, ila siku ile alisimama kizingitini kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Daktari wa upasuaji amesema huenda kukawa na mionzi, mama mkubwa."

"Bado hawajui."

"Amesema hata wakiiziba ile iliyobaki, mionzi hutawanyika. Miaka sita tunajaribu. Unajua." Aliangalia sakafu. "Lindsay anasema afadhali afe na mtoto kuliko aishi na ng'ombe tu. Nimemwambia anyamaze."

"Vizuri. Mwambie na mimi nimesema anyamaze."

"Lakini wewe unaonaje?"

Glenys alipokea maziwa, akayaweka kwenye jokofu letu la sandwichi. "Naona ni seli za homoni," alisema. "Sijawahi kukosea sana."

Raelene alianza kulia pale pale, kwa nafuu. Nadhani ni hapo Glenys alipofungwa na neno lake.

Alikata Ijumaa yote. Jumamosi alirudi, nami nikaja kumsaidia rangi. Ukikata kitofali hurudi nyuma. Kila kipande kinachotoka ni nyama iliyopungua. Alikata mia, akakata mia na hamsini, akaweka slaidi kwa mpangilio kwenye trei, akazisoma moja moja mdomo umekaza. Hakuna kitu. Seli zilikuwa madoa yaliyomwagika.

"Labda ni rangi," alisema saa sita. "Rangi ya juzi hii."

Akafungua bati la biskuti, akachagua kitofali cha panya, akakikata vipande vichache, akavilaza majini, akaviopoa, tukavitia rangi. Aliniita nitazame. Nilikuwa nimezisoma kitabuni tu. Zilikuwa nyekundu, nyoofu, nyingine nene nyingine kama sindano, na zilionekana kama kitu kilichoanguka ndani ya seli kutoka mahali pengine.

"Rangi haina neno," Glenys alisema. "Chemsha chai."

Nilipanda juu jikoni. Niliporudi na vikombe alikuwa amekirudisha kitofali cha Lindsay kwenye mashine na anaendelea kukata.

Ilikuwa slaidi ya mia mbili na kumi na nne. Ilikuwa karibu saa kumi. Hakupiga kelele. Alichukua kalamu ya wino, akatia nukta juu ya kioo, akasogeza kiti.

"Njoo, Profesa."

Pembeni mwa kipande, kwenye kundi dogo la seli, kulikuwa na fuwele moja. Moja tu, nyekundu, yenye pembe zote nne. Seli zilizoizunguka zilionekana safi kuliko nyingine zote za uvimbe ule. Nililiona hilo. Nilifikiri pembeni ndiko formalini ilikowahi kufika.

Jumatatu Daktari Vickery aliweka slaidi, akaisogeza hadi kwenye nukta, akakaza lenzi kubwa.

"Mbwa wewe," alimwambia Glenys, kwa heshima. "Ipo."

Akaandika ripoti kabla hajavua koti. Hakupiga simu Melbourne.

Lindsay alikuja wiki ile kumshukuru. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye shingo iliyoungua jua, na alitembea kama aliyekalia mwiba. "Nasikia umenitafutia chumvi," alisema.

"Chembe moja."

"Mtu mwenyewe nina moja. Inatosha."

Alikaa juu ya stuli yangu, akanywa chai yetu, akasema wanaume klabuni wamempa jina jipya ambalo hawezi kulitamka mbele ya msomi, na akanitazama, na nikainamia kitabu. Glenys alicheka hadi akashika meza. Katika miaka yote niliyomjua sikumwona tena akicheka hivyo.

Raelene alipata mimba kabla mwaka haujaisha. Mtoto alizaliwa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, wa kike, wakamwita Yvonne kwa ajili ya nyanya yake. Wakati huo Lindsay alikuwa ameanza kuumwa mgongo. Mfugaji gani haumwi mgongo? Alijifunga mkanda akaendelea kukamua. Alipungua uzito, wakasema ni kwa kukosa usingizi na mtoto mchanga. Mwezi wa nane alipokuwa akinyoa ndevu aliona tezi juu ya mfupa wa bega la kushoto, ngumu, kubwa kama yai la kuku mdogo.

Ile tezi ilikatwa Jumatatu na safari hii daktari alikuwepo, akaipasua ikiwa bado na joto. Glenys mwenyewe aliikata kwenye mashine. Aliisoma kabla ya Daktari Vickery, kama kawaida yake, kisha akaitoa slaidi, akaiweka kwenye trei, akaenda kuosha mikono. Aliiosha muda mrefu.

Seli zilikuwa wazi kabisa, kubwa, zenye maji meupe. Hata mimi niliziweza.

"Seli za mbegu," Daktari Vickery alisema. "Hakuna hata pa kubishana." Akaiondoa slaidi. "Nileteeni za mwaka jana."

Nilimletea trei. Alichukua ya mia mbili na kumi na nne, akaenda kwenye nukta ya wino. Fuwele ilikuwa palepale. Akacheza na kirungu cha lenzi, juu, chini, juu. Kundi lile la seli lilikuwa limelala juu kidogo ya nyama nyingine; likionekana vizuri, zile nyingine zilififia. Kisha akaisogeza slaidi kwa upana wa unywele, nje ya nukta.

"Glenys. Njoo utazame hapa."

Alikuja akiwa bado anafuta mikono. Aliinama. Nilimwona mgongoni tu.

Karibu na fuwele kulikuwa na kipande cha mrija, kidogo sana, na ndani yake kichwa kimoja cha mbegu ya kiume. Mbegu ya binadamu ina kichwa cha mviringo. Kile kilikuwa kimepinda, kimechongoka, kama kulabu.

"Cha panya," daktari alisema.

"Cha panya," Glenys alisema.

Kila fundi wa kazi yetu anajua jinsi inavyotokea. Chembe ya nyama hubanduka kwenye utepe na kubaki ikielea majini, haionekani, na anayeopoa baadaye huiopoa nayo. Ndiyo maana kati ya mgonjwa na mgonjwa maji hufagiliwa kwa karatasi, au humwagwa. Mwingine angepata chembe ya kibole au ya ngozi, daktari angeijua mara moja na kuicheka. Duniani kuna nyama chache mno zinazoweza kudanganya mahali pale, na Glenys ndiye aliyekuwa na bati lake.

"Nami nilitia sahihi," Daktari Vickery alisema. "Niliangalia nukta yako, nikaondoka." Alilisema hilo pia kwenye barua aliyomwandikia daktari wa upasuaji, na hakumsukumia Glenys hata neno moja. Ripoti ilibadilishwa. Lindsay aliambiwa yote, mkewe akiwa amekaa kando yake.

Glenys alikwenda kumwona wodini Melbourne mara moja. Mimi ndiye niliyeendesha gari. Raelene alipomwona mlangoni alimchukua mtoto akatoka nje kupitia upande wa pili wa kitanda, asimpite karibu.

Lindsay alikuwa hana nywele. Dawa zilikuwa zinafanya kazi, alisema. Tezi ya bega imeyeyuka, na tumboni pia wanasema inapungua. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekunywa mchanga.

"Kwa hiyo mimi ni panya, mama mkubwa."

"Ni makosa yangu, Lindsay."

"Nimewaambia klabuni. Wamesema walijua siku zote." Alifumba macho. "Mngebaki na jibu lile la kwanza la daktari, ningeenda mionzi. Nisingekuwa na huyu mdogo. Nimelala hapa nalipima. Siku nyingine linalingana. Siku nyingine halilingani."

Glenys alisimama na mkoba wake mbele, kama mtu anayesubiri basi. Hakuomba asamehewe. Alimwuliza nani anakamua, Lindsay akasema kaka yake, vibaya.

Hakufa kwa saratani. Kwenye mzunguko wa tatu wa dawa damu yake iliishiwa askari, homa ikamwingia Jumanne, na Alhamisi asubuhi akafa. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, wakati wa kukata nyasi za akiba, na wanaume wengi walikuja mazishini wakiwa na vumbi la shambani masikioni. Baadaye kulikuwa na sandwichi na keki kwenye ukumbi wa klabu. Glenys alikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango wa choo. Wanawake waliokuwa wamecheza naye netiboli wakiwa wasichana walimletea chai, wakaiweka, wakaondoka. Raelene alizunguka ukumbi mzima akiwashukuru watu mmoja mmoja, mkono kwa mkono, na alipofika kiti cha mwisho aligeuka akaanza upande mwingine.

Hospitali haikumfukuza. Aliomba kustaafu mwenyewe, akapewa tarehe ishirini ya mwezi wa kumi na mbili. Siku hiyo alifanya kazi kama siku nyingine, akakata vitofali ishirini na saba. Bati la biskuti alikuwa ameshalichoma kwenye tanuri la hospitali, na sikumwona akilichoma.

Jioni alianza kuvipaka mafuta visu vyake, kimoja kimoja, na kuvifunga kwa kitambaa. Alinipa viwili. Nikasema sijui kunoa, akasema hilo analijua. Tulikuwa tumekaa pamoja chumbani mle karibu miaka mitatu, na sikuwahi kumuuliza jambo lolote lisilo la kazi. Nilisubiri mpaka amevaa koti.

"Glenys, ile kulabu. Jumamosi ile, uliiona?"

Alifunga vifungo vyote vya koti kwanza.

"Nilipoiona fuwele niliacha kutazama," alisema.